Zumari na tarumbeta: nani ampishe mwenzake?

Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, mfalme wa mji alitoka kwa chombo kwenda kuonana naye baharini, na wapiga muziki wake akawachukua. Mmoja wa Wareno waliokuwa safarini aliandika alichokiona siku hiyo. Walikuwapo wapulizaji wengi wa tarumbeta ndefu zilizonyooka, zile za jamii ya nafiri, na pamoja nao pembe mbili za ndovu zilizochongwa kwa ufundi, kila moja na kimo cha mtu, zikipulizwa kwa tundu lililo ubavuni. Akaongeza kwamba pembe zile na tarumbeta zile zikipigwa pamoja zilipatana, na sauti yake ilikuwa tamu.

Kupatana huko si jambo dogo. Watunzi wa muziki wa klasiki wa Ulaya wamehangaika nako kwa karne kadhaa, tena kunazidi kuwa kugumu pale shaba inapokutana na chombo cha mbao kinachopulizwa kwa tete, yaani kipande chembamba kinachotetema kikipulizwa. Fidla mbili hukaa pamoja bila taabu, na tarumbeta mbili vilevile. Lakini msimamishe mpiga tarumbeta mbele ya okestra, kando yake mpiga obo au basuni, vyombo vya tete, obo ya sauti ya juu na basuni ya chini, wote wawili wakiwa ndio wakuu wa muziki ule, na utaona maandiko yaliyotungwa kwa ajili yao yanavyohesabika. Mimi ni mtu wa Lamu, mji ambao zumari, chombo chetu cha mbao na tete, bado inalia kwenye goma na kirumbizi, ngoma zetu za bakora, na siwa, yaani pembe kubwa za kupuliza, mbili mashuhuri kuliko zote za pwani hii zimehifadhiwa makumbusho, kimya. Kwa hiyo suala hili la jozi isiyo ya kawaida naliona ni letu kabisa. Ninavyoona, nguvu ya shaba si kikwazo. Kikwazo ni tamaa ya kutaka wawili hawa walingane. Muziki wao hufana pale mmoja anapojua wakati wa kumpisha mwenzake, na sisi tunayo jozi ambayo mpaka leo inasubiri mtunzi: zumari na tarumbeta.

Tuanze na jinsi sauti inavyozaliwa. Kwenye tarumbeta kinachotetema ni midomo ya mpigaji mwenyewe. Shaba inaikuza tu na kuipa umbo. Kwenye obo kinachotetema ni vipande viwili vyembamba vya tete vilivyofungwa pamoja, na mpigaji huvishika kwa midomo yake kama anayevibembeleza. Sauti ya tarumbeta ina upana, inajaza mahali. Ya obo ni nyembamba, ya puani kidogo, nayo hupenya. Pumzi nazo zinatofautiana. Mpiga tarumbeta hutumia hewa nyingi na midomo yake huchoka upesi. Mpiga obo hutumia hewa kidogo mno, hata hujikuta kifua kimejaa pumzi iliyokwisha kutumika, na itambidi aitoe kwanza ndipo avute nyingine. Mmoja anaishiwa na mwenzake amezidiwa. Wape hao wawili wimbo mmoja, kwa nguvu moja, kwa muda mmoja, na umewaonea wote.

Bach, mtunzi wa Ujerumani, aliliona hilo. Mwaka 1721 alimpelekea Christian Ludwig, mtawala mdogo wa Brandenburg, koncheto sita, yaani tungo za wapigaji wakuu wakiwa na okestra, na ile ya pili ina wapigaji wakuu wanne: tarumbeta, filimbi, obo na fidla. Ukisoma orodha hiyo tu utadhani filimbi imekwisha kumezwa. Lakini tarumbeta ya zama zile haikuwa na valvu, vile vitufe vya kubadilishia noti. Bomba tupu la shaba hutoa noti chache huko chini, zilizoachana mbali, na kadiri unavyopanda ndivyo noti zinavyosogeleana. Anayetaka kuimba wimbo kwa tarumbeta ya namna hiyo hana budi kupanda juu kabisa, na mpigaji aliyebobea akiwa huko juu anaweza kuipunguza sauti ikawa nyepesi, hata filimbi ya mbao ikasikika karibu yake. Halafu inakuja sehemu ya pili, ile ya taratibu, na hapo Bach anainyamazisha tarumbeta moja kwa moja. Filimbi, obo na fidla zinazungumza peke yake. Sehemu ya tatu tarumbeta ndiyo inayofungua, kwa furaha ya aliyepumzika vya kutosha, na obo inaupokea wimbo uleule kutoka kwake. Mimi nikisikiliza koncheto hii huvutiwa zaidi na ule ukimya wa katikati. Mtunzi ana tarumbeta jukwaani, mpigaji amekaa, chombo kiko mapajani, na kila mtu anajua anaweza kuingia wakati wowote. Haingii.

Bach huyohuyo, katika Misa yake kubwa, ana wimbo ambao mwimbaji wa sauti nzito husindikizwa na pembe moja ya shaba na basuni mbili. Pembe inaruka juu, basuni zinanong'ona chini, na mwimbaji yuko kati. Hakuna anayemgusa mwenzake. Karne moja na zaidi baadaye Carl Reinecke, aliyefanya kazi Leipzig, aliandika muziki wa watu watatu kwa obo, pembe ya shaba na piano, na hapo piano ndiyo mwenye nyumba anayewakalisha wageni wawili. Ni muziki mzuri, ila hauniambii jambo ambalo Bach hakuwa amelisema.

Aliyesema jipya ni Aaron Copland wa Marekani. Mwaka 1939 aliandika muziki wa mchezo wa kuigiza wa Irwin Shaw, uliomhusu kijana mpiga tarumbeta jijini New York. Mchezo wenyewe haukudumu. Copland akauchukua ule muziki, mwaka 1940 akaufanya kitu kinachojitegemea, cha dakika kama kumi, akakiita Quiet City, nao ulipigwa mara ya kwanza New York mwanzoni mwa 1941. Humo mna tarumbeta moja, fidla na jamii yake, na chombo kiitwacho korangle, ambacho ni obo iliyorefushwa, yenye sauti ya chini zaidi na ya upole. Katika muziki wa awali wa mchezo korangle haikuwamo. Copland aliiingiza baadaye, na sababu alizotoa ni mbili tu: ilete sauti tofauti na ya tarumbeta, na impe mpiga tarumbeta nafasi ya kuvuta pumzi.

Sababu hiyo ya pili ni ya mtu anayejua kazi. Hakuanza na falsafa, alianza na midomo ya mpigaji iliyochoka. Na kutokana na haja hiyo ya kawaida amepata muziki ambao kila chombo kinakuwa ni faraja ya mwenzake. Tarumbeta inaingia kwa kusitasita, noti ileile ikirudiwa rudiwa kama mtu mwenye neno zito asiyejua aanzie wapi. Maelekezo ya Copland mwenyewe kwa mpigaji ni kwamba isikike yenye wasiwasi na siri. Kisha tarumbeta inakaa pembeni, na korangle inaingia na sauti yake ya chini, haina haraka. Huoni mashindano. Ukiisikiliza usiku, taa zimezimwa, unasahau kwamba moja ni shaba na nyingine ni mti. Unasikia watu wawili wanaopokezana zamu ya kukesha.

Mtunzi Paul Hindemith naye, akiwa Marekani baada ya kuihama Ujerumani ya Hitler, aliandika mwaka 1949 koncheto ya tarumbeta na basuni pamoja na vyombo vya nyuzi, na mwaka 1952 akaiongezea sehemu ya tatu. Naitaja kwa sababu ni nadra mtu kuwaweka wawili hao mbele ya okestra bila wa tatu. Naiheshimu kuliko ninavyoipenda. Imejengwa kwa hesabu safi, tarumbeta juu na basuni chini, lakini nikiisikiliza sioni hasa kwa nini hawa wawili walihitajiana.

Sasa turudi Lamu. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu, siwa ya Lamu ni ya shaba, na zote mbili ziko Makumbusho ya Lamu. Zote hupulizwa kwa tundu la ubavuni, kama zile walizoziona Wareno Malindi. Siwa ilikuwa alama ya mamlaka: ililia mtawala anapotawazwa, na kwenye harusi na jando za watu wakubwa. Simulizi za Pate zinamtaja Mwana Darini, mwanamke wa nasaba ya watawala, aliyenyimwa siwa ya mfalme kwa ajili ya jando la mwanawe; akamwita fundi, akachongewa siwa yake ya pembe. Watu hawafikii hapo kwa sababu ya kitu cha kupamba ukuta.

Lakini tazama siwa ilikuwa ikifanya nini kimuziki. Haikuimba wimbo. Bomba lake, kama lile la tarumbeta ya kale, lina noti chache, na kazi yake ilikuwa kuita, kutangaza, kuufanya mji mzima usimame kidogo. Wimbo ulikuwa kazi ya wengine, ya waimbaji na ya zumari. Wazee wetu hawakujaribu kuifundisha siwa iimbe, wala zumari haikutakiwa itangaze. Kila moja ilikuwa na zamu yake. Bach aliyafikia hayo kwa njia yake na Copland kwa yake, nasi tulikuwa nayo barazani.

Shaba ya kizungu ilipokuja, pwani haikuikataa. Kuanzia miaka ya 1890 ngoma za beni zilienea katika miji yetu, zikiiga bendi za kijeshi, na hapa Lamu mitaa ikashindana kwazo kama ilivyozoea kushindana kwa ngoma na mashairi. Mombasa mpaka leo maharusi husindikizwa na matarumbeta barabarani. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba tarumbeta ni mgeni huku. Imekaa nasi zaidi ya miaka mia. Kilichokosekana ni mtu wa kuikalisha na zumari na kuziandikia muziki wa kusikilizwa kwa makini, kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho.

Na hapa kuna jambo ambalo mtunzi yeyote atakayejaribu lazima alielewe, maana linaigeuza hesabu yote. Mtazame mpiga zumari kwa karibu. Kwenye ncha ya zumari kuna kijibomba chembamba cha chuma, na juu yake vimefungwa kwa uzi vijani vikavu vya mnazi au mvumo vilivyokatwa kwa umbo la kipepeo mdogo. Chini ya vijani kuna kisahani cha duara. Mpigaji huingiza vijani vyote kinywani na kukibana kisahani kwa midomo, hivyo vijani vinatetema ndani, havikuguswa na kitu. Mashavu yanatuna. Wakati pua inavuta hewa mpya, mashavu yanasukuma ile iliyobaki, na sauti haikatiki hata kidogo. Anaweza kwenda hivyo kwa muda mrefu, ngoma zikibadilika chini yake, macho yake yakifuata bakora za wachezaji.

Matokeo yake ni haya. Mpiga obo, kwa kuwa ameshika tete kwa midomo, anaweza kuipunguza sauti mpaka ikawa uzi. Mpiga zumari hawezi, kwa sababu midomo yake haigusi kinachotetema. Zumari ama inalia kwa nguvu zake zote au imenyamaza. Tarumbeta, kinyume chake, inaweza kunong'ona: mpigaji akipunguza pumzi, na akiweka kizibo kwenye mdomo wa chombo, sauti inakuwa ya mbali kama inatoka mtaa wa pili. Pia zumari haihitaji kupumzika ili ivute pumzi; tarumbeta inahitaji.

Kwa hiyo kile ambacho Ulaya ilikihofia, shaba kuimeza mbao, kwetu kimegeuka. Hapa mbao ndiyo yenye nguvu, ndiyo isiyochoka, na shaba ndiyo inayoweza kuwa laini. Mtunzi atakayekuja Lamu na vitabu vyake akaiandikia zumari kama anavyoiandikia obo, na tarumbeta kama anavyoiandikia tarumbeta ya okestra, ataharibu zote mbili. Aanzie upande wa pili. Zumari ishike wimbo mrefu usiokatika. Tarumbeta iwe ndiyo inayoingia na kutoka, ijibu, ikae kimya, irudi na kizibo, kisha mara chache, mara chache sana, ifunguke kwa sauti kamili na kutangaza kama siwa ilivyokuwa ikitangaza.

Liko na suala la kupatana kwa noti, na hili ndilo linalowakwaza wengi. Matundu ya zumari hutobolewa kwa mkono, na kila fundi ana vipimo vyake. Noti zake hazikai pale zinapokaa noti za piano, na zumari mbili hazifanani. Nimewahi kusikia mafundi wa muziki wakisema basi zitengenezwe zumari mpya, zilizopimwa kwa mashine, ziendane na vyombo vya kisasa. Nalipinga wazo hilo kwa nguvu zangu zote. Tarumbeta ina njia ya kusogea: midomo ya mpigaji hodari inaweza kuinua au kushusha noti kidogo, na valvu zake zina vibomba vya kuvuta vinavyofanya kazi hiyohiyo. Zumari haina njia hiyo. Anayeweza kusogea ndiye asogee. Ukiilazimisha zumari ifuate piano, umebaki na obo mbovu na umeipoteza zumari.

Hivi sasa tunachofanya ni kibaya zaidi ya hapo. Zumari huitwa kwenye ufunguzi wa mkutano, ikalia dakika mbili wageni wakiingia, ikaondolewa. Au hurekodiwa juu ya kinanda cha umeme ambacho kimekwisha kupanga kila kitu, nayo ikawekwa pale iongeze ladha ya pwani. Mpigaji hakuulizwa wimbo gani, hakupewa nafasi ya kuanza wala kumaliza. Tangu 2001 mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia, na mtu akitaka kubadilisha mlango au ukuta anajua kuna wa kumuuliza. Ni sawa kabisa. Ningependa sauti za mji huu nazo ziwe na wa kuulizwa.

Najua wapo wazee watakaosema zumari ni ya ngoma, na ukiitoa kwenye ngoma imekufa. Wana haki ya kuhofu, kwa kuwa wameona mengi yakitolewa na yasirudishwe. Ndiyo maana sisemi ipelekwe kwenye ukumbi wa okestra wenye viti vya mahameli. Nasema mtunzi aje na tarumbeta yake kwenye ngoma: ngoma za chapuo na vumi zibaki, kasi ya goma ibaki, na tarumbeta ijifunze kuingia humo. Wapo pia watu wa dini wasioridhia vyombo vya kupuliza, na katika mji wa ibada kama huu neno lao lina uzito. Hawa hawatakiwi kubadilisha msimamo wao. Goma na kirumbizi tayari vina mahali pake na wakati wake, na kinachoombwa hapa hakizidi mipaka hiyo.

Wapigaji wapo. Bendi za polisi na jeshi zina wapiga tarumbeta waliosoma noti, na vijana wa mradi wa muziki wa Ghetto Classics kule Korogocho, Nairobi, wamekuwa wakijifunza vyombo vya okestra katikati ya shida zote za mtaa ule. Lakini ningechagua mpiga matarumbeta wa harusi za Mombasa. Huyo amezoea kupiga kwenye hewa wazi, anafuata waimbaji badala ya kuwaongoza, na sikio lake linajua kusogeza noti bila kuambiwa. Kama hasomi noti, afundishwe kwa kusikia. Mpiga zumari naye alijifunza hivyo.

Mahali ni uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome, usiku, baada ya Isha watu wakitoka kupunga upepo. Uwanja ule uko wazi juu na una kuta pembeni, kwa hiyo sauti ya zumari itapata pa kwenda bila kuumiza masikio, na tarumbeta yenye kizibo itasikika ikipigwa kutoka juu ya ngome. Vipaza sauti visiwepo hata kimoja, maana kipaza sauti kitafuta ile tofauti ya nguvu ambayo muziki wote utakuwa umejengwa juu yake. Dakika kumi zinatosha. Mtunzi aje mapema, akae na mpiga zumari, arekodi kila noti ya zumari ile moja baada ya nyingine kabla hajaandika mstari wowote, na akishaandika amrudie amsikilizishe. Na siku ya malipo, mpiga zumari alipwe kiasi kilekile atakacholipwa mpiga tarumbeta.